Kabla Hujauliza Bei ya Msitu

Watu wakisikia kwamba kijiji chetu kilichanga pesa kikanunua msitu, hunipigia simu kuuliza ekari moja ilikwenda kwa ngapi. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi, basi wanaona jibu liko kwangu. Bei huwa siisemi, na hapa pia siiandiki, maana ikishatajwa tu, mwenye shamba la jirani anaanzia hapo hapo kupandisha. Badala yake nawauliza: aliyeandikwa kwenye hati yu hai? Wengi hunyamaza kidogo, halafu husema, "La, alikuwa babu yao." Basi hapo ndipo mazungumzo huanzia, na huwa marefu kuliko walivyotegemea.

Sisi tuko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, bara ya Malindi, ukishapita Marafa. Mgeni akija huku huletwa kuona korongo la Nyari lenye kuta za mchanga mwekundu na mweupe, anapiga picha, anarudi pwani. Msitu wenyewe hauoni. Kwenye mchanga mweupe ni mirihi mirefu yenye nafasi katikati. Kwenye mchanga mwekundu ni mifunda iliyoshikana hadi mbuzi anasita kuingia. Na hapa na pale mbambakofi mmoja ambao hujui umeponaje na misumeno. Kuna ndege mmoja wa rangi ya njano na nyeusi, kwera wa Clarke, ambaye duniani kote anapatikana Kaunti ya Kilifi peke yake, huku kwetu na Arabuko-Sokoke. Wataalamu walikitafuta kiota chake miaka na miaka, wakaja kukiona mwaka 2013, huku huku Dakatcha, kwenye bwawa la msimu, ndani ya majani ya majini. Sisi kwenye mabwawa hayo tulikuwa tunanywesha ng'ombe. Hakuna aliyewahi kutuuliza.

Wazo la kununua halikupokewa vizuri. Mzee mmoja alisimama kwenye baraza akasema mwaka 1914 Waingereza waliwafukuza babu zake kutoka ng'ambo hii ya Sabaki, wakachoma nyumba, wakawavusha mto kwa nguvu, na miaka michache baadaye Wagiriama wakarudi wenyewe bila kulipa senti kwa mtu. "Leo mwaniambia nitoe pesa ninunue kwetu?" Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, na nilikuwa upande wa wanaotaka kununua. Maneno ya mzee yalikuwa ya haki kabisa.

Lakini tulikuwa tumeshaona mengine. Miaka ya 1970 na 1980 ulikuja mradi wa makazi wa Magarini kwa pesa za Australia, vichaka vikafyekwa ili watu wapewe mashamba ya mahindi, na maji yakawa ndiyo yale yale ya kutafuta kwa punda. Karibu mwaka 2009 ikaja kampuni inayotaka hekta 50,000 ilime mibono, mafuta yaende kwenye magari ya Ulaya. Ardhi ilikuwa ya amana chini ya halmashauri, kwa hiyo wakubwa walizungumza wao kwa wao na sisi tukasikia mambo yakiwa mbali. Wenyeji walikataa, watu wa mazingira wakakataa, na mwishowe serikali kupitia NEMA, mamlaka yake ya mazingira, ikaukataa mpango. Baada ya mibono yakaja mananasi. Mtu anakuja na gari, anakodi au ananunua kwa familia moja moja, trekta linaingia, na baada ya misimu michache mchanga umebaki mtupu. Na siku zote, mvua inyeshe isinyeshe, makaa.

Sasa angalia tofauti. Mibono ilikuja kwa mkupuo, tukaweza kuipinga kwa mkupuo. Nanasi na makaa vinaingia familia kwa familia. Huwezi kuandamana kumpinga jirani yako aliyeuza ekari tano ili mtoto aende sekondari. Ndipo tukasema, kama ardhi inauzwa, basi na sisi tuwe miongoni mwa wanunuzi. A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, walikuwa wameshaanza kununua vipande Dakatcha kwa ajili ya hifadhi, kwa hiyo tulijua jambo lenyewe linawezekana. Sisi tulitaka chetu, kidogo, kilichoshika lile bwawa na mirihi inayolizunguka.

Jambo la kwanza la kujua, na hili liwe wazi kabla ya kuchanga hata shilingi, ni kwamba ardhi ya huku si ya aina moja. Sehemu nyingine zilishapimwa na hati zikatoka. Sehemu nyingine bado ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, na kwa sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016 kaunti inaishikilia kwa niaba ya watu, haina ruhusa ya kuiuza wala kuigawa. Mtu akikuuzia kipande huko kwa karatasi iliyopigwa muhuri wa ofisi fulani, umenunua karatasi. Huko hakuna cha kununua, kuna cha kusajili: jamii inakutana, inachagua kamati ya watu kati ya 7 na 15, inaandikisha ardhi kwa jina lake. Ni njia ndefu lakini ni ya bei rahisi. Nimeona vikundi viwili vikimwaga pesa mahali ambapo vingehitaji mkutano tu.

Kipande chetu kilikuwa na hati. Ekari 40 na ushei, ndani ya shamba kubwa zaidi. Tulikwenda kufanya serchi kwenye ofisi ya ardhi Kilifi, jina likatoka safi: hakuna mkopo wa benki, hakuna zuio. Mwenyekiti wetu alifurahi. Jina lilikuwa la babu, na babu alikuwa chini ya mwembe pale nyumbani kwao tangu miaka ya 1990.

Wajukuu watatu ndio waliotuita tununue. Vijana wazuri, wanaheshimu watu, na walikuwa na shida ya kweli. Lakini hawakuwa na haki ya kuuza hata mti mmoja. Mirathi ilikuwa haijafunguliwa, na haikuweza kufunguliwa kwa sababu hapakuwa na cheti cha kifo; mzee alifia nyumbani, akazikwa kesho yake, hakuna aliyekwenda kuandikisha. Kuandikisha kifo cha zamani kunataka kiapo, barua ya naibu chifu na watu wanaokumbuka. Kisha barua ya chifu yenye orodha ya warithi wote, inapelekwa mahakamani. Mahakama inatangaza kwenye gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30 kujitokeza. Ikipita salama, wasimamizi wa mirathi wanapewa barua, halafu miezi 6 mingine kabla ya kuthibitishwa. Hadi ithibitishwe, msimamizi hana ruhusa ya kuuza ardhi. Atakayekwambia kuna njia ya mkato, muulize yeye mwenyewe kama pesa yake ameiweka huko.

Hiyo orodha ya chifu ndiyo moyo wa jambo lote. Iliyoletwa mara ya kwanza ilikuwa na majina ya wanaume watupu. Nilimuuliza kijana mkubwa, "Babu hakuzaa mabinti?" Akasema, "Alizaa, lakini waliolewa." Kwa desturi yetu alikuwa ameshajibu. Kwa sheria ya Kenya hajajibu, kwa sababu mtoto ni mtoto, wa kike na wa kiume, ameolewa hajaolewa. Binti aliyeachwa nje anaweza kuja miaka 10 baadaye akaivunja mirathi, na msitu wenu ukarudi mezani. Wakili alituambia hivyo hivyo, ila kwa bei.

Mabinti walikuwa wanne, mmoja marehemu ameacha watoto. Tuliwatafuta. Wawili walikuwa karibu. Mkubwa wao alikuwa Mtwapa, anauza mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi karai, kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga. Nilikwenda na kijana mkubwa, ambaye ni mtoto wa kaka yake. Hakutukaribisha ndani. Alituonyesha benchi la wateja, akaendelea kugeuza viazi, na kila alipotaka kusema aliinua upawa kwanza.

"Shikamoo, shangazi," kijana akasema.

"Marahaba. Umekuwa mkubwa. Mara ya mwisho ulikuja kuchukua pesa ya sare."

Kijana akainamisha kichwa. Mimi nikaeleza tulichokuja nacho: msitu, bwawa, kikundi, mirathi, sahihi. Alisikiliza hadi mwisho, akahesabu viazi vya mteja, akapokea pesa, ndipo akanigeukia.

"Baba alipokufa, matanga yote nilipika mimi. Chifu alikula. Leo kwenye orodha yake hanijui?"

"Mama, ndiyo sababu tumekuja."

"Mmekuja kwa sababu wakili amewaambia." Nikakaa kimya, kwa kuwa ni kweli. "Haya. Pesa nataka, nisije nikajifanya sitaki. Fungu sawa na la ndugu zangu. Lakini niambie jambo moja. Huo msitu ukishakuwa wenu, mimi nikija kwetu nikataka kuangua mabungo, nitamwomba nani ruhusa?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumezungumza miezi mingi juu ya mipaka, bei, ndege, na hakuna mkutano hata mmoja uliotaja mabungo. Nilimwambia nitalipeleka swali lake kwa kikundi. Akasema niende nalo, nirudi na jibu lililoandikwa, naye ndipo atatafuta kalamu.

Swali hilo lilibadilisha ununuzi wetu kuliko ushauri wowote tuliolipia. Tulikuwa tukifikiri tunanunua miti kutoka kwa mwenyewe. Kumbe pale palikuwa na haki nyingi zilizolaliana: kuna wa mabungo, kuna wa kuni zilizoanguka, kuna mganga anayechimba mizizi, kuna wa mizinga ya nyuki, kuna wachungaji wanaonywesha bwawani wakati wa kiangazi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye hati, na kila mmoja angeweza kutuharibia. Tukakaa chini, tukaandika nani anaendelea na nini, na karatasi hiyo ikawa sehemu ya makubaliano ya kuuza. Mabungo yaliandikwa waziwazi: ukoo wa muuzaji, wa kike na wa kiume, wataangua bila kuomba. Shangazi alisaini. Kwanza alisoma ukurasa wote kwa sauti mbele ya wateja.

Kisha makaburi. Upande wa mashariki wa kipande, ndani ya vichaka, kulikuwa na vigango vitatu, zile nguzo za mbao zilizochongwa zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliokuwa wa Gohu, chama cha siri cha wazee. Kimoja kilikuwa kimelala kimeliwa na mchwa, viwili vimesimama, kimoja bado kina kitambaa chekundu kiunoni. Vigango vya Wamijikenda vimeibwa mno. Vingine viliuzwa hadi makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerudishwa Kenya baada ya watu kudai. Familia iliogopa kwamba tukishakuwa na hati, siku moja atakuja mtu na gari usiku na sisi tutasema hatukuona. Tulikubaliana sehemu hiyo isiingie kwenye mauzo kabisa. Mpima ardhi alilalamika kwamba mchoro utakuwa na kona nyingi. Ukawa na kona nyingi.

Kuna jambo ambalo watu wa mbali hawalielewi. Aliyebaki mkubwa zaidi katika ukoo ni mzee mwenye mvi, ndugu wa yule babu mwenye hati. Alikuwa anataka ardhi iuzwe kwetu, lakini alikataa kuwa wa kwanza kutia sahihi. Kilifi, mzee akigombana na vijana juu ya ardhi, neno "mchawi" halichelewi, na wazee wameuawa kwa neno hilo. "Nywele hizi zishanitosha," alisema. Wakili wetu alitaka aanze yeye kwa ukubwa wake. Sisi tukapanga waanze wajukuu, kisha mabinti, yeye awe katikati ya orodha, na wote wasaini siku moja, mahali pamoja, mbele ya wazee wa kijiji. Nadhani kanuni hii ingefaa kuandikwa mahali fulani kwa watu wa mashirika wanaokuja na fomu zao.

Pesa, nayo nitaigusa kidogo tu, maana watu wanaipa ukubwa usio wake. Zilitoka kwa michango ya kila mwezi kwenye simu, asali, kukodisha viti kwenye harusi (tulikuwa na viti mia na turubai, mradi mwingine wa zamani wa kikundi), vijana wetu walioko Mombasa na Saudia, na sehemu kubwa kwa wapenda ndege waliotusaidia wakishaona mirathi imethibitishwa. Wafadhili hawakukataa ardhi yetu kwa sababu ya bei. Walikuwa wanangoja karatasi za mirathi. Gharama za mahakama na wakili tuliwalipia familia sisi, tukaandikiana zikatwe kwenye bei. Hilo lilikuwa jambo la hatari, kwa sababu wangeweza kubadili mawazo, lakini bila hivyo mirathi isingefunguliwa mpaka leo. Na malipo yote yalipitia kwa wakili. Hakuna mtu aliyepewa "kidogo ya chai" mkononi, ijapokuwa tuliombwa karibu kila Jumamosi.

Swali lililotugawa sisi wenyewe lilikuwa: hati itoke kwa jina la nani? Kikundi cha kijamii kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti, lakini mara nyingi hati huishia kuandikwa majina ya viongozi watatu. Kikundi kimoja tunachokijua kilifanya hivyo. Mwenyekiti wao alifariki, na watoto wake wakafungua mirathi wakaorodhesha shamba la kikundi pamoja na ng'ombe wa baba yao. Hawakuwa wezi, jina lilikuwa la baba yao. Kwa hiyo sisi tulisajili wadhamini kwa ile sheria ya wadhamini wanaorithiana, ambapo mdhamini akifa au akitoka, anaingia mwingine na ardhi haiguswi. Ilichukua muda mrefu kuliko mirathi, na wajumbe wawili walijitoa wakisema viongozi tunaficha kitu. Na lazima wote wawe raia. Shamba kama letu haliwezi kuhamia kwa asiye raia wala kwa kampuni yenye mwanachama asiye raia. Bodi ya ardhi, ile inayoidhinisha mauzo ya mashamba, itakataa. Mzungu mmoja mwema aliyetaka jina lake liwepo ili "awe karibu nasi" tulimpa asali.

Bodi ya ardhi yenyewe haina maneno mengi. Hukaa chini ya naibu kamishna wa kaunti, na maombi lazima yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano kusainiwa, la sivyo makubaliano yanakufa. Wanaangalia nyuso. Waliuliza mke wa kijana mkubwa yuko wapi. Alikuwa nje na mtoto mgongoni. Akaitwa, akaulizwa kama anajua shamba linauzwa na kama amekubali. Akasema anajua, na kwamba amekubali kwa sababu sehemu ya kulima imebaki. Muhuri ukapigwa. Baadaye ushuru wa stempu, asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani, na foleni.

Siku ya kuweka bikoni, zile alama za mpaka, nilitaka majirani wote wawepo, si wenye mpaka nasi tu. Mpima ardhi alikuja na mashine yake ya setilaiti, vijana wakafyeka mstari, na kila kona ikachimbiwa chuma na saruji. Kwenye kona ya kusini mashine ilisema mpaka uko ndani ya shamba la mama mmoja mjane, hatua kama nane kupita mstari aliokuwa akiulima miaka yote. Mpima akasema ramani ndiyo ramani. Tulirudi nyuma hatua nane. Mwanasheria angesema tumetupa ardhi. Mimi naona tulinunua kwa hatua nane jirani anayeamka saa kumi alfajiri na kusikia shoka likilia kabla yetu.

Tukadhani tumemaliza, akatokea kijana na karatasi. Alikuwa ameuziwa miti. Si ardhi: miti iliyosimama, ya kuchoma makaa, na mmoja wa wale wajukuu watatu, kabla hata mirathi haijafunguliwa. Karatasi ilikuwa ya daftari la shule, ina kiasi, tarehe na sahihi. Kisheria ilikuwa haina nguvu, aliyeuza hakuwa na haki. Lakini kijana alikuwa ametoa pesa zake, na ana mke na watoto, na anajua njia zote za msitu ule gizani. Tulimrudishia pesa yake kutoka kwenye salio la muuzaji, muuzaji akiwapo na akiwa amenuna. Tangu hapo, nikienda kuangalia ardhi nauliza mambo mawili pamoja: nani amekufa, na miti imeuzwa?

Ningependa kusema kijana yule sasa ni mlinzi wetu. Hapana. Bado anachoma makaa, ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la mtu mwingine, na bodaboda zinapita mbele ya kibao chetu na magunia yake matatu matatu. Hili ndilo linalonikera katika habari za kununua msitu. Shoka halikufa, lilihama. Ekari zetu 40 zikipona na 40 za jirani zikichomwa haraka zaidi, tumefanya nini? Wengine kwenye kikundi hawapendi niseme hivi mbele ya wageni. Lakini tumeanza kugawa miche ya mvinje kwa wenye mashamba wa pembeni, kwa kuwa mvinje unakua upesi na fito zake zina soko Malindi na Watamu, na hilo ndilo lililonishawishi kuliko mabango yote ya "usikate mti". Mtu mwenye mvinje wake wa miaka minne, ada ya shule ikimbana, anakata mvinje.

Mtihani mkubwa ulikuja na ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, mitano mfululizo, hadi mwanzo wa 2023. Huku Magarini mahindi hayakufika kiunoni. Bei ya mbuzi ilianguka, bei ya unga ikapanda, na kila asubuhi moshi ulionekana upande wa magharibi. Watu wa kikundi chenyewe, waliochanga, walikuja kuomba tufungue msitu kidogo. Mama mmoja alisema, "Tulinunua ili utufae. Utatufaa lini, tukishakufa?" Mkutano ule ulikwisha usiku. Tulikataa makaa, tukafungua kuni zilizoanguka kila siku badala ya siku mbili kwa wiki, tukaruhusu mifugo kuingia pembeni hadi bwawani. Ng'ombe walikanyaga miche mingi ya mirihi. Wataalamu waliokuja baadaye walisikitika, na wana haki yao. Lakini kama tungefunga kabisa, nadhani leo pasingekuwa na cha kusikitikia, kwa sababu watu wangeuchoma kwa hasira. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilijaza bwawa hadi njia ikakatika, na punda wa maji wakapata likizo.

Sasa kuna kipande kingine, upande wa magharibi, kikubwa kuliko chetu, na ndicho ninachopigiwa simu zaidi. Mwenye hati amekufa, alikuwa na wake wawili, na nyumba ndogo inasema haijawahi kuulizwa. Shangazi wa Mtwapa siku hizi anakuja kwenye mikutano yetu akiwa na nauli ya kikundi, na yeye ndiye anayetumwa kwanza, azungumze na wanawake kabla sisi hatujakaa na wanaume. Ameleta orodha yake ya warithi, ina majina 11. Ya chifu ina 4. Miti, amesema, imeuzwa nusu. Wiki ijayo anakwenda Ngomeni kumtafuta binti wa nyumba ndogo ambaye anasemekana anauza samaki kule, na ameniambia nisimpigie mtu yeyote hesabu ya ekari mpaka arudi.